Siagi Juu ya Alumini

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mume wangu alilijua hilo kuliko hata wazazi wangu. Alikuwa akisema ndiyo maana alinipa msasa, kwa sababu mtu wa hasira akipiga msasa anachoka kabla hajagombana na mtu. Huo ulikuwa utani wake. Sababu yenyewe ni kwamba vumbi la puti, ile ya kuziba mabonde ya bodi, lilimkaba kifua. Kwa miaka kumi na mmoja, katika gereji yetu hapa Mbulu, yeye alinyoosha bodi na kupuliza rangi, mimi nikapiga puti na msasa. Wateja walidhani kazi yangu ni kuleta chai.

Alipofariki, magari yaliondoka moja moja. Wenyewe walikuja na pole zao, wakakaa kidogo, halafu wakauliza funguo ziko wapi. Likabaki moja tu, Land Rover ya zamani, fupi, ya bwana shamba mstaafu wa Masakta. Alikuwa mzee wa taratibu. Aliniambia angerudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kama angekuta bodi imeandaliwa vizuri na kupigwa praima, ile rangi ya chini, angeniachia nimalizie rangi. Kama sivyo, angelivuta mpaka Arusha. Shemeji zangu nao walikuwa na lao. Eneo la gereji ni la familia, na kama hakuna kazi inayofanyika pale, walitaka kumpangisha mtu wa duka la vifaa vya ujenzi. Walikuwa wanasubiri neno la mama yao. Kwa hiyo gari lile likiondoka, gereji inaondoka nalo, na mimi narudi kulima maharage kwa kaka yangu.

Nikafanya kazi kama mwendawazimu. Bodi ya Land Rover ya zamani ni alumini. Haishiki kutu kama bati, lakini ina ujeuri wake: ni laini, ukikazana na msasa mkali unaichora mikwaruzo ambayo hata rangi haiwezi kuificha. Nilitoa rangi tatu za zamani, moja juu ya nyingine, mpaka nikakuta kijani cha kwanza, na chini yake alumini nyeupe. Mabonde nikayajaza puti, nikaisugua, nikajaza tena. Wiki tatu zilikwisha hivyo. Jumanne asubuhi, zikiwa zimebaki siku nne, nilipanda basi kwenda Babati kununua praima ya alumini, kwa sababu hapa mjini kwetu ilikuwa imekwisha.

Niliporudi alasiri nilimkuta mama mkwe amekaa juu ya debe mlangoni mwa gereji, miguu ameinyoosha, kibuyu pembeni. Alikuwa ametoka tambarare za Hanang, kwa ng'ombe zake, bila kumwambia mtu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umechelewa."

Harufu niliisikia kabla sijaona kitu. Kisha nikaona. Gari lote lilikuwa linang'aa siagi, kuanzia boneti mpaka mlango wa nyuma. Ilikuwa imepakwa kwa uangalifu, mpaka kwenye bawaba, mpaka juu ya paa alikoweza kufika. Na juu ya puti pia, ambayo ilikuwa imeinyonya kama ugali unavyonyonya mchuzi.

Asiyejua kazi hii ataona ni jambo la kufuta na kitambaa. Lakini rangi na mafuta haviketi pamoja. Ukipuliza rangi juu ya mafuta inajikunyata, inaacha vitundu vitundu, na baada ya miezi inabanduka. Alumini unaweza kuiosha. Puti iliyokunywa siagi haina dawa, unaibandua yote na kuanza upya.

Siku ya harusi yetu mama huyu alitupaka siagi kichwani, mimi na mwanawe, na mume wangu akaninong'oneza kwamba siagi ya mzazi ni baraka, mtoto haifuti. Sasa nimfute mama wa marehemu baraka zake mbele ya macho yake? Tena nilijua amekuja kuangalia nini. Nilikwenda nyuma ya jiko nikawafokea kuku.

Jumatano sikugusa kazi. Nilipika, nikafagia, nikapika tena. Yeye alinitazama tu kutoka kwenye debe lake.

"Mbona hufanyi kazi?" aliniuliza karibu na saa sita.

"Napumzika, mama."

Nilitamani kujipiga kofi. Sasa angerudi kuwaambia wanawe kwamba nimepumzika.

Aliinuka taratibu, magoti yake ni mabovu, akaenda kwenye boneti akaikwaruza kwa ukucha. "Haijaingia," alisema. "Ngozi hii inakula mafuta kwa siku ngapi?"

Hapo nikaona bora yaishe. "Mama, usinichukie. Hizi baraka siwezi kuzifuta. Lakini zikibaki, rangi haitashika, na mwenye gari anakuja Jumamosi."

Alinigeukia kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Baraka gani? Baraka napaka mtu. Hii ni kazi. Nimekuta umekwangua vizuri, halafu ukaondoka ukaiacha kavu. Ngozi ikiachwa kavu si inapasuka?"

Ndipo nilipoelewa. Mama huyu tangu usichana wake ametengeneza sketi za ngozi, zile ambazo wanawake wa kwao huvaa. Unakwangua ngozi mpaka iwe nyororo, kisha unaisugua siagi, siku baada ya siku, mpaka ilainike. Alikuta kazi imefika katikati, akaifikisha hatua inayofuata. Alipanda juu ya debe na magoti yale, akamaliza kibuyu kizima cha siagi ya nyumbani kwake, ili mkwe wake akirudi kutoka safarini akute kazi imesogea. Na mimi nilikuwa nimekaa siku nzima nikimwona kama adui.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaona aibu, na sioni haya kuisema.

"Inatoka na nini?" akauliza.

"Maji ya moto na sabuni. Halafu thina."

Nikachukua kitambaa, akaninyang'anya. "Nimepaka mimi, natoa mimi."

Aliosha gari lile peke yake, mimi nikichemsha maji na kubandua puti. Thina ilipomchoma pua alisema maneno ya kwao ambayo mume wangu hakuwahi kunifundisha. Alhamisi nilipiga puti mpya, na ilipokauka nikamwonyesha jinsi ya kuzungushia msasa kwenye kipande cha ubao na kusugua kwa mshazari. Nikamwachia mlango wa kushoto, nikidhani atachoka. Hakuchoka. Alifumba macho, akapitisha vidole polepole, akasimama mahali pamoja. "Hapa kuna shimo." Nilitazama, sikuona kitu. Nilipopapasa, lilikuwepo, na lilikuwa langu la tangu mwanzo. Tulifanya kazi siku mbili tukiwa weupe kwa vumbi kama watu waliotoka mashineni kusaga, hatuongei sana. Tangu tulipozika sikuwa nimefanya kazi na mtu pembeni yangu. Namshukuru Mungu kwa siagi ile. Nikisema hivi kanisani watu wanadhani natania.

Ijumaa alasiri upepo ulipotulia nilipuliza praima. Ilikaa.

Jumamosi mzee wa Masakta alikuja, akainama akatazama ubavu wa gari mwanga ukiupiga kwa upande, kwanza kulia, halafu kushoto. Upande wa kushoto alikaa muda mrefu.

"Mlango huu nani kaufanya?"

"Mama," nikasema.

Akamtazama, akanitazama mimi, akaitikia kwa kichwa. "Rangi iwe kijani kile cha kwanza. Usiniletee kingine." Akaondoka kwa bodaboda, gari akaliacha.

Jumapili nilimsindikiza mama mkwe stendi. Nilimwambia asante, na kwamba asingekuja nisingeweza, hata kama nusu ya kazi aliyonisaidia ni kutengeneza alichokiharibu mwenyewe. Nikakiri pia kwamba Jumanne ile nusura nimtukane.

"Niliona," alisema.

Alipanda basi akakaa dirishani, kibuyu kitupu mapajani. Konda alikuwa ameshagonga bodi dereva aondoke.

"Wanangu wataniuliza," akaniambia. "Nitawaambia nimeharibu gari la mtu, na mwenye gereji hakunifukuza."