Chuma cha Kukaangia Kahawa

Jioni ile Tsehaynesh hakukaanga kahawa. Chuma chake chenye ndoano, cha kukorogea buni kikaangoni, mwanawe Fikru alikitumia kuvutia springi za breki za nyuma za teksi yake, kisha akaondoka nacho kwenda kuzijaribu kwenye mteremko wa Entoto.

"Umezifunga sawasawa, baba?" alikuwa amemuuliza.

"Mama, wewe kaanga kahawa."

"Nikaange kwa vidole? Chuma unacho wewe."

"Springi ikichomoka huko nitakihitaji."

Maneno hayo ndiyo yaliyomweka dirishani hadi giza likaingia. Kila gari lililoteremka alilisikiliza. Mwishowe moja likasimama taratibu, na mlango wa nyumba ukafunguliwa.

"Zimeshika," Fikru akasema, akimpa chuma. "Ila kahawa itanuka grisi."

"Tutainywa hivyo hivyo," akasema mama, akitafuta kiberiti.