Mwiko Mmoja, Sufuria Mbili

Saa kumi na mbili asubuhi, jiko la shule ya msingi limeshajaa moshi. Mpishi, mama wa miaka hamsini na minane ambaye watoto humwita Bibi Mwiko, anausugua mwiko wake kwa maji ya moto. Anaunusa, kisha anausugua tena.

"Utausugua hadi ubaki kijiti," mlinzi wa geti, aliyefuata chai, anamtania.

"Bora kijiti," anamjibu, bila kucheka.

Amepika hapa miaka kumi na tisa. Kila siku hulisha watoto mia nne na kumi na wawili, kwa mshahara ambao, anasema, "ukifika nyumbani unapiga hodi tu, haukai."

Muhula uliopita, binti wa darasa la tatu alivimba midomo akiwa mezani, pumzi ikaanza kumkata. Huyo karanga humdhuru, hata kidogo tu. Alikimbizwa zahanati, akachomwa sindano, akapona.

Mama yake, fundi cherehani wa mtaa wa pili, alikuwa ameshatoa onyo.

"Aliniambia, 'Shangazi, karanga kwa mwanangu ni mwiko,'" anakumbuka mpishi. "Nikadhani ni mwiko wa ukoo. Si kuna watu hawali samaki? Nikasema sawa, karanga simpi."

Na kweli hakumpa. Siku hiyo sufuria moja ilikuwa na mboga ya karanga, nyingine maharage, na binti akapakuliwa maharage. Ila mwiko wa kukorogea ulikuwa mmoja.

Shule ikatafuta mchawi. Ikasemekana mtoto alidokoa karanga za mwenzake, na jina la Mdokozi likamganda. Tangu hapo hula peke yake kibarazani, chakula cha nyumbani, kwenye kopo.

Bibi Mwiko aliujua ukweli jioni ileile, akiosha vyombo. Akanyamaza.

"Niliogopea kazi yangu," anasema. "Nikajiambia, mtoto si amepona? Lakini kila nikimwona pale barazani, tonge halipiti."

Ijumaa hii kamati ya wazazi itaamua kama karanga zipigwe marufuku, jikoni na hata kwenye vyakula vya kutoka nyumbani. Wengi hawataki. Karanga ni rahisi na zinashibisha, wanasema, na watoto mia nne hawawezi kunyimwa kwa sababu ya mmoja asiyezuia mkono wake.

"Kuhusu njaa wana haki," anasema mpishi. "Hata mimi mboga ya karanga naipenda kufa. Lakini hilo la mkono wake ni uongo, na mimi ndiye niliyeuacha uongo huo utembee."

Juzi alikwenda kwa fundi cherehani, akamkuta anashona sare za shule. Akamweleza yote akiwa amesimama mlangoni. Fundi akaiweka sare kando.

"Nilimchapa, Shangazi," mama yule alisema hatimaye. "Kwa kudokoa. Aliniapia hakuchukua, na bado nikamchapa."

Walilia wote wawili, kila mmoja na lake.

Mpango wa Bibi Mwiko ni kusimama Ijumaa mbele ya wazazi na mwiko wake mkononi. Wakimfukuza, basi. Wakimwacha, ataomba jiko lisilo na karanga kabisa, na binti yule arudi kwenye benchi na wenzake.

Saa sita na nusu kengele inalia. Akimaliza kupakua, anakwenda kibarazani, anakaa chini kando ya binti mwenye kopo. Magoti yanamlalamikia.

"Mjukuu wangu, wewe hukudokoa," anamwambia. "Ni mwiko wangu uliogusa karanga. Unisamehe."

Mtoto anatafuna polepole, anameza, anawatazama wenzake kule kwenye mabenchi.

"Waambie na wao."

"Nitasema Ijumaa, kwenye mkutano wa wazazi."

"Ijumaa wao hawatakuwepo, Bibi."

Bibi Mwiko anashika nguzo, anainuka, anarudi jikoni. Anachukua mwiko na kuigonga sufuria tupu mara tatu, kama afanyavyo kila siku akiwaita watoto kula.

Wote wanageuka kumsikiliza.