Mashine ya Malaba na Jina la Binti Yangu

Niliamini, tena kwa moyo mweupe, kwamba ile mashine ya kumulika ndani ya malori pale mpakani Malaba hula sauti za watu. Nyimbo inaziacha, maana zina mdundo. Sauti ya mtu anayeongea inaipepeta yote. Muuza mayai mmoja aliniapia kwamba jogoo wake alipita humo ndani ya lori, akatoka bubu, na mpaka leo hufungua mdomo alfajiri kama mtu anayepiga miayo. Mimi ni fundi wa simu mjini Busia. Nimefungua simu nyingi kuliko nywele za kichwa changu, na bado niliamini. Nilikuwa na sababu.

Mama yangu aliugulia kwa mdogo wake, upande wa Uganda, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Malaba. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Kwetu mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo aliyetangulia, na mkubwa wa nyumba ndiye anayejua ni nani wa kurudi. Mkubwa aliyebaki alikuwa mama. Nilimkuta peke yake, mama mdogo ameenda sokoni, naye amekuwa mwepesi kama gunia tupu.

"Baba, keti nikuambie jina," akasema.

"Ngoja kidogo mama, nikurekodi."

"Weka hiyo kitu chini, unisikilize."

"Hii inasikia kuliko mimi, mama."

Akaongea. Macho yangu yalikuwa kwenye alama ya betri, mkono nimeunyoosha, nikihofia chaji itaisha. Nakumbuka alicheka mara mbili. Jina sikulishika, nililiachia simu.

Nilirudi kwa lifti ya lori la mahindi. Malaba tulishushwa, dereva na mimi, lori likapitishwa kwenye mashine na simu yangu juu ya dashibodi. Siku ya pili mama akatutoka. Baada ya mazishi nikafungua simu: nyimbo zote zimo, faili ya mama nayo imo, imeandikwa sekunde sifuri, kama sahani iliyolambwa.

"Imeliwa hiyo, pole," muuza mayai akanipa mkono.

Binti akazaliwa. Ana jina la kanisani. La nyumbani hana. Shangazi zangu wakija humwita mgeni.

Alipoanza kukimbia ndipo nikajiandikisha shule ya jioni, mtu mzima na ndevu zangu, magoti yakiinua dawati kama jeki. Wenzangu walitaka cheti. Mimi nilitaka kujua kilicholiwa huenda wapi. Cheti nilipata pia, na siku hiyo nilitembea Busia nzima nimekishika kifuani, hata mbwa wakanipisha.

Lakini kabla ya hapo, jioni moja, mwalimu wetu wa fizikia aliuweka mtaala kando akatuambia kuhusu skirmioni. Ni vizingo vya usumaku ndani ya utando mwembamba wa metali, vidogo hivi kwamba mamia hujipanga kwenye upana wa unywele mmoja, na ni vigumu kufumuka, kama kifundo kwenye uzi. Watafiti wanataka siku moja kuhifadhi kumbukumbu kwavyo: kizingo kikiwepo ni moja, kisipokuwepo ni sifuri.

"Sasa vinasomwaje, mwalimu, na havionekani?" nikauliza.

"Foleni ya Malaba si unaijua? Ukisimama mtaroni uone boda zote zinamwagika upande mmoja, si unajua mbele kuna kitu, hata kama hujakiona? Basi. Wanapitisha umeme. Elektroni zikikuta kizingo zinasukumwa pembeni, na huko pembeni unapima volti. Ikitokea, hata kidogo sana, kizingo kipo."

"Fundi ashapata dawa ya biashara!" mwenzangu wa nyuma akasema. Darasa likacheka. Nilicheka kuliko wote, nikifuta macho. Kifundo kisichofumuka! Basi mama yumo bado, nikajiambia, amejikunja tu.

Kesho yake nilipitisha umeme wa betri kwenye kadi ya memori ya ile simu, nikagusa pembeni kwa mita. Mshale ukatikisika. Nilipiga ukelele hadi wabadilisha pesa wa mpakani wakakumbatia mikoba yao. Nikampigia mke wangu.

"Nimempata mama!"

Kabla hajanijibu nilimsikia akimwita binti yetu huko uani, "Njoo mbio, baba amepata jina lako."

Jumamosi mwalimu alipita kibandani kwangu kubadilisha kioo cha simu yake. Nikamweleza yote, hata jogoo. Hakucheka. Alichukua kadi, akaiingiza kwenye kompyuta yangu, akaiangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Fundi, skirmioni bado ziko maabara. Hii kadi haihifadhi kwa sumaku, inatunza chaji ya umeme. Mita yako ilisoma betri yako mwenyewe."

"Na ile mashine?"

"Haijala kitu. Nyimbo zako si zote zipo?" Akanigeuzia skrini, kidole chake kwenye ile sifuri. "Ulibonyeza mara mbili. Ikaanza, ikazima hapo hapo. Mama yako hakurekodiwa."