Nilifuta Mstari wa Mjukuu Wangu, Kisha Nikamdanganya Kwenye Simu

Mimi ndiye niliyeharibu kazi ya mjukuu wangu. Si stima, si shetani, si watu wa Nyamira. Ni mimi, mama mzee wa kushona sare za shule, na niliiharibu kwa mkono huu ninaoandikia. Wenye kutaka kucheka, chekeni sasa mmalize, halafu mnisikilize.

Nilisoma hadi darasa la tatu. Kusoma ninajua kwa sababu ya Biblia. Mjukuu wangu nitamwita Kemunto, jina lake halisi liacheni. Nilimlea kwangu Kiogoro tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Akaenda Nairobi kusomea kompyuta, akarudi na kompyuta moja na maneno mengi. Tukakodi chumba Kisii mjini, nyuma ya duka la vitambaa la mzee mmoja Mhindi. Yeye na kompyuta yake ndani, mimi na cherehani yangu mlangoni.

Kompyuta hiyo ilifungwa nyaya za simu. Ndani yake Kemunto aliweka kitu alichokiita seva. Mtu mwenye kompyuta yake, hata akiwa mbali, anaipigia simu ile seva, halafu anaandikiana na mwenzake papo hapo. Huyu anaandika, yule anajibu. Shida ilikuwa stima, maana kwetu inapotea bila kuaga! Ikirudi, kompyuta inawaka yenyewe, lakini seva inabaki imelala mpaka Kemunto aiamshe kwa kuandika jina lake.

Siku moja akaniita. "Magokoro, njoo uone!" Hivyo ndivyo kwetu mtoto anavyomwita nyanya yake.

Akanionyesha orodha kwenye kioo. Kompyuta ikiwaka, inaisoma hiyo orodha mstari kwa mstari na kufanya inavyoambiwa. Mstari wa mwisho, aliouandika asubuhi hiyo, ulikuwa wa kuamsha seva. Akazima stima ukutani, akawasha. Tukangoja. Seva ikaamka bila kuguswa na mtu!

"Sasa hata Sabato itafanya kazi," akasema, "na hakuna mtu atakuwa ameigusa."

Hapo tukakosana. Sisi ni Waadventista. Jua likizama Ijumaa, kwangu hakuna kushona, hakuna kulima, hakuna biashara.

"Hata ng'ombe anapumzika siku hiyo," nikamwambia.

"Ng'ombe anachoka, magokoro. Hii haichoki. Saa yako ya ukutani si inatembea Sabato?"

"Saa haiiti watu waje wafanye kazi!"

"Basi liambie na jua lisitoke."

Nilimtazama mpaka akainamisha kichwa. Lakini mstari hakuutoa.

Ijumaa hiyo mchana aliiacha orodha wazi kwenye kioo, akatoka kwenda kumwambia mzee wa vitambaa habari ya paa linalovuja. Nikaingia. Kile kialama cha kupepesa kilikuwa kimesimama mwisho wa mstari wenyewe. Kitufe cha kufutia nilikijua, nilikuwa nimemwona akikitumia kila siku. Nikabonyeza herufi moja moja mpaka mstari wote ukaisha. Nikarudi kwa cherehani yangu.

Kemunto akarudi, akarekebisha kitu kidogo huko juu ya orodha, akahifadhi, akafunga. Hakuona. Nami nikaendelea kushona kola, kimya kama mwizi.

Na mnajua nini? Sabato hiyo stima haikupotea hata dakika moja! Seva ilichapa kazi mchana kutwa. Mungu alikuwa ananiambia kitu, nami nikajifanya kiziwi.

Jumanne Kemunto akaenda Nyamira. Ushirika mmoja wa wakulima wa majani chai ulitaka ofisi zake ziwe zinaandikiana kupitia seva yake. Wakubwa wakiridhika siku hiyo, wangemwajiri awe mtu wao wa kompyuta. Alikuwa ameisubiri kazi hiyo karibu mwaka mzima.

"Wewe kaa tu na ufunguo, magokoro," akaniambia. "Hakuna kitu cha kufanya."

Saa nne stima ikapotea. Saa tano kasorobo ikarudi. Kompyuta ikawaka, ikapiga kelele zake, ikatulia. Kidogo tu, mzee wa vitambaa akatokea mlangoni.

"Mama, simu! Kemunto anapiga kutoka Nyamira. Haraka!"

Nikaishika simu pale kwenye kaunta yake.

"Magokoro, stima ilipotea huko?"

"Ilipotea. Imerudi."

"Kioo kinawaka?"

"Kinawaka."

"Mbona seva haijibu? Nimewaambia hawa wakubwa kwamba inaamka yenyewe, na wamesimama hapa wananiangalia. Kuna mtu ameigusa?"

Dhambi yangu kubwa iko hapa, sikilizeni. Ningesema, "Ni mimi, nitajie neno niliandike," mambo yangeisha saa hiyo hiyo. Herufi nazijua! Lakini mzee wa vitambaa alikuwa amesimama kando yangu, na wamama wawili wa kanisa letu walikuwa pale wanachagua kitambaa. Nikaona aibu.

"Mimi sijui mambo yenu ya kompyuta," nikasema.

"Hakuna mtu aliingia?"

"Si niko mlangoni? Aingie nani?"

Nikasikia mwanamume nyuma yake akisema, "Dada, basi. Tumeona ya kutosha."

Jioni alirudi, akaifungua orodha. Mstari haupo. Nilijua sasa atanigeukia. Hakunigeukia! Alijigeukia mwenyewe. "Ni mimi mjinga," akasema. "Ijumaa nilipokuwa nikirekebisha huku juu, niliufuta bila kuona. Nimekosa kitu kidogo hivyo!"

Nami nikampakulia ugali.

Tangu siku hiyo akaacha kujiamini. Akifunga kufuli, anarudi kulivuta. Akiandika kitu, anakifuta. Mwisho akaiuza kompyuta, akaenda Ogembo kuuza kwenye duka la watu.

Nilikaa na jambo hilo miezi saba. Halafu nikamfuata Ogembo, nikamwambia yote nyuma ya lile duka.

"Ulinisikia nikijiita mjinga," akasema, "ukanipakulia chakula?"

"Nilikupakulia."

"Pole yako sitaki, magokoro. Nenda Nyamira ukawaambie wale watu."

Nikaenda, na nguo yangu ya kanisa. Mkubwa wa ushirika alicheka mpaka akaishika meza. "Nyanya, ulifuta na kidole?"

"Na kidole hiki. Cheka, ukimaliza uniandikie karatasi kwamba msichana yule hakukosea."

Kazi ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. Lakini karatasi aliandika, na muhuri akapiga, kwa sababu sikutoka kwenye kiti mpaka alipopiga.

Sabato siiachi! Sijamwomba mtu msamaha kwa kuishika na sitaomba, hata mniite mjinga wa kale. Siku hiyo ningemkataza Kemunto mchana kweupe, hata kama angeondoka kwangu kwa hasira, leo ningekuwa nimenyoosha shingo. Mimi nilimkataza kwa siri, kisha nikamwachia mtoto abebe kosa langu.

Kwa hiyo nyinyi wazee wenzangu, kazi ya mtoto ikikukera, mwambie usoni, akukasirikie. Na ukishaigusa, sema ukiwa bado umeishika simu, hata wanakanisa wote wawe wanakusikiliza. Usingoje kama mimi.

Maana ile karatasi nilimpelekea Ogembo. Aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni, akarudi kumhudumia mteja. Kilo moja ya sukari. Aliipima mara tatu, na mizani ilikuwa sawa tangu mara ya kwanza.