Kibuyu Hakirudi Kitupu Ainabkoi

Niliporudi Eldoret kutoka ng'ambo na diploma yangu ya maziwa, mtaa mzima wa Pioneer haukuwa na mwingine kama mimi. Nasema hivyo bila aibu. Nilijisomesha mwenyewe kwa kuosha sahani za hoteli, na sasa nilikuwa na koti jeupe, kalamu mbili mfukoni, na kazi ya kupima maziwa kiwandani. Lori likiingia, nilinusa, nikaonja, nikasema "Pitisha" au "Rudisha," na ikawa hivyo.

Kwa hivyo mke wangu alipomwachisha binti yetu wa kwanza kunyonya, aliniuliza mimi, mtaalamu, mtoto apewe maziwa gani. Nyumbani yalikuwepo ya aina mbili. Kulikuwa na pakiti za pembe tatu za kiwanda chetu, zenye maziwa yaliyopita kwenye mashine ambayo ningeweza kuifungua na kuifunga nikiwa nimefumba macho. Na kulikuwa na kibuyu cha Mama, mama yangu mzazi, kilichokuja kila Jumamosi kutoka Ainabkoi kwa pikapu ya jirani yake. Ng'ombe wa Mama walikula nyasi na kunywa maji ya mto, basi. Chakula cha dukani hawakukijua.

"Chagua moja," mke wangu alisema. "Tumbo la mtoto si maabara yako."

Nikachagua kiwanda. Ningewezaje kupitisha maziwa ya mji mzima, halafu nyumbani kwangu niyakatae?

Shida ikawa kibuyu. Kwetu chombo cha maziwa hakirudi kitupu. Ukikirudisha hivyo, umemwambia mwenyewe kwamba undugu umekauka. Siku zote tulitia sukari au majani ya chai, lakini Jumamosi hiyo vyote vilikuwa vimeisha na dereva anapiga honi. Hapo nikapata wazo ambalo mtu asiye na diploma hawezi kulipata. Nilikata pakiti zangu moja baada ya nyingine, nikajaza kibuyu mpaka shingoni, nikamwambia dereva: "Mwambie Mama asisumbuke tena. Mtoto sasa anakunywa haya."

Mke wangu alitoka jikoni pikapu ikikunja kona.

"Umemtumia Mama maziwa? Mwenye ng'ombe?"

"Ya kiwanda."

"Baba, hiyo ni kupeleka mahindi Kitale, yanakolimwa! Umemtukana mama yako, na umeweka tusi ndani ya kibuyu chake mwenyewe."

Sikulala vizuri. Mama alikuwa ameningoja miaka yangu yote ya ng'ambo, na kibuyu kile ndicho kilichokuwa mkono wake nyumbani kwangu. Kama angeukunja, diploma isingeukunjua.

Asubuhi tulimfunga mtoto mgongoni tukaenda Ainabkoi kuomba msamaha. Kabla hatujafika mlangoni tulisikia kicheko. Nyumba ilijaa akina mama wa kanisa, kila mmoja na kikombe, na Mama amesimama katikati, kibuyu mkononi kama kombe la mbio.

"Kunyweni! Haya ni ya kijana yangu. Aliyasomea ng'ambo!"

"Lakini Mama," mmoja alisema akilamba midomo, "mbona hayana ladha?"

"Hayana ladha, ndiyo," Mama alijibu, "lakini yamesoma!"

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Mke wangu aliketi chini kabisa, machozi yakimtoka. Katika vurugu hiyo Mama alimpakata binti yangu, akampa kikombe cha maziwa ya ng'ombe wake, yaliyochemshwa asubuhi ile. Mtoto alikunywa bila kupumua. Alipokishusha alikuwa na masharubu meupe, akalia apewe tena.

"Yangu asinywe?" Mama aliniuliza, sasa bila kicheko.

Nilionja kikombe kile. Nikanusa. Nilisema kwa sauti ya kiwandani: "Pitisha!"

Tangu hapo mtoto alikunywa maziwa ya nyasi, na kila Jumamosi kibuyu kilirudi Ainabkoi na sukari ndani, na pakiti zangu kando yake, kwa ajili ya wageni wa heshima. Pakiti tupu Mama aliziosha, akazijaza udongo, akapanda miche ya misipresi, ile miti ya kuzungushia boma. Leo ua wa boma lake ni mrefu kuliko paa. Mgeni akiuliza ni nani aliyeupanda, Mama husema ni diploma ya kijana yake, nami simkatizi.