Shaba ya Vigwaza na Barua Niliyoificha Godoroni

Mama yangu mdogo alipoteza mkono kwa sababu ya jiwe la kijani na mdomo wangu.

Hamkusoma vibaya. Nina miaka sabini na tatu sasa, na uso unaniwaka kwa aibu ninapoandika haya.

Ilikuwa 1973. Nilikuwa nimerudi kwetu Vigwaza kwa likizo ya mwezi mmoja. Kazi yangu? Kumbebea mawe Bwana Sadallah, mtaalamu wa miamba. Kubeba tu, jamani! Lakini kijijini nilijitangaza kuwa mtaalamu ni mimi.

Watu walikuwa wakichimba kisima, ili wanawake waache kuchota maji mto Ruvu, kwenye mamba. Walipofika kina cha mtu mmoja, likatoka jiwe lenye ukijani.

Mzee Husseni, kiongozi wa wachimbaji, akaniletea.

"Kombo, wewe ndiye mtu wa mawe. Nini hiki?"

"Shaba hiyo, mzee wangu. Acheni kuchimba, tusije tukaiharibu!"

Debe tupu haliachi kuvuma. Nikamwaga somo lote nililolisikia kwa Bwana Sadallah. Kwamba kuna mahali sakafu ya bahari huzama chini ya nchi kavu. Ikifika kwenye joto kali, maji yaliyomo hutoka, yakayeyusha mawe yaliyo juu yake. Uji ule wa moto hupanda, hukwama kilomita chache chini ya ardhi na kuanza kupoa. Maji ya moto yanayotoka humo hupasua miamba, na shaba hubaki kwenye nyufa nyembamba, maelfu kwa maelfu.

"Haya, bahari si ile pale Bagamoyo?" nikawauliza. "Itazama wapi kama si chini yetu?"

Watu wakaguna kwa mshangao. Kichwa kikanivimba.

Kisima kikafunikwa kwa matawi, tukasubiri wakubwa wa serikali. Mimi nikamtumia Bwana Sadallah kipande cha jiwe pamoja na barua ya majigambo.

Majibu yakaja baada ya siku kumi.

"Kombo, si kila bahari huzama. Bahari yetu na nchi yetu ziko juu ya bamba moja la mwamba wa dunia, hakuna inayoingia chini ya mwenzake. Hapo kwenu ni mchanga na udongo. Kipande chako kimepakwa kutu ya shaba kwa juu tu, labda kuna vitu vya zamani vilivyofukiwa. Chimbeni kisima chenu."

Nikaisoma mara tatu. Kisha nikaificha godoroni.

Ningeanzia wapi? Vijana walishaanza kuniita Injinia. Kwenye maulidi nilikalishwa mbele, pamoja na wazee. Nikajiambia, nitasema kesho. Kesho hiyo ikawa siku sita.

Siku ya saba, asubuhi, tukasikia mayowe mtoni.

Alikuwa mama mdogo Mwanvita, aliyenilea tangu mama alipofariki. Mamba alikuwa amemkamata. Wenzake walimvuta mpaka wakampokonya, lakini mkono wa kushoto haukurudi.

Nikakimbilia kwa Mzee Husseni nikilia.

"Mzee, hakuna shaba. Nilijua. Chimbeni."

Hakunitukana. Aliniangalia, akachukua sururu yake akaondoka. Afadhali angenipiga.

Pembeni mwa lile shimo wakakuta rundo la nyaya za shaba za enzi za misafara ya wapagazi, zimeota kutu ya kijani. Siku ya tatu wakapata maji.

Nikaenda hospitali. Nilishindwa hata kuitazama bandeji yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nisamehe, mama. Kulikuwa na barua..."

"Naijua. Nilikuwa naanika godoro lako, ikadondoka."

"Lakini mama, wewe hujui kusoma!"

"Kisomo cha watu wazima, Kombo. Kile ulichokuwa ukikicheka. Nilihangaika nayo siku mbili, herufi moja moja. Nilielewa pale mwisho tu: chimbeni kisima chenu."

Nikaketi ukingoni mwa kitanda chake.

"Sasa kwa nini hukuwaambia watu?"

"Nikuaibishe mbele za watu? Nilisema mwanangu atasema mwenyewe. Nikachukua ndoo yangu nikaenda mtoni."

Alinisamehe, Mungu amrehemu. Mimi ndiye sijaweza kujisamehe.

Ndugu zangu, aibu ya kusema "nilikosea" ni ya siku moja. Ukijua umekosea, sema leo hii, kabla mtu hajatoka na ndoo.