Neno "Imetumwa" lilivyonipotezea Edina, na swali la mwanafunzi siku ya kwanza ya kozi

Wakuu, poleni na majukumu.

Naomba dakika zenu chache. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Jina la mhusika tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu sasa hivi ni mke wa mtu na ana heshima zake. Hapa tumwite Edina.

Mimi ni mtoto wa Mapera, Mbinga. Kwetu ni kahawa, mahindi na baridi. Kwa sasa ni msaidizi wa mhadhiri kwenye chuo kimoja mbali kabisa na Ruvuma.

Jumatatu iliyopita mhadhiri wangu alisafiri, akaniachia nifungue kozi ya kutengeneza programu za wavuti, ile ya ngazi ya juu ya mwaka wa tatu. Nilitakiwa kuwaeleza wanafunzi kozi inahusu nini, watapimwa vipi, halafu niwaruhusu.

Badala yake nikajikuta nawasimulia habari za Edina. Na kuna binti mmoja aliniuliza swali ambalo mpaka leo linanizunguka kichwani. Ndiyo maana nimekuja hapa.

Nianzie mwanzo.

Edina ni wa kule Ziwa Nyasa, kwao ni Liuli. Nilimfahamu alipokuja Mapera kwa mafunzo ya vitendo ya ualimu, mimi nimemaliza kidato cha sita nasubiri chuo. Alikuwa anavaa masweta mawili na bado anatetemeka. Mama yangu alimpenda siku ile ile alipoingia jikoni, akakaa karibu na moto na kuanza kumenya viazi bila kuombwa.

Nilimpenda, wakuu. Sina namna nyingine ya kulisema hilo.

Akamaliza, akapata ajira, akapangiwa shule kata ya Ngumbo, huko huko ziwani. Mimi nikaenda chuo.

Pale alipokaa mtandao haukufika nyumbani. Ukitaka kutuma meseji unapanda kilima nyuma ya shule, unasimama kwenye jiwe fulani, unainua simu. Alikuwa anapanda kila siku baada ya vipindi. Ananiandikia akiwa anahema, najua tu kwa jinsi alivyoruka herufi.

Nikiwa mwaka wa tatu nikaanza kozi hii hii niliyoifungua Jumatatu. Siku ya kwanza mwalimu alisema kila mmoja atengeneze kitu kitakachotumiwa na mtu mmoja halisi, aliye nje ya darasa.

Wenzangu walihangaika kutafuta mtu. Mimi wangu nilikuwa naye.

Nikatengeneza app ya watu wawili tu. Unaandika ukiwa nyumbani, hata kama mtandao hakuna, meseji inajihifadhi kwenye simu. Ukipita sehemu yenye mtandao, inajituma yenyewe kwenye seva, na mimi naisoma. Zangu nazo zinakuja kwako kwa njia hiyo hiyo.

Wajuaji najua mnataka kuniambia kulikuwa na njia rahisi zaidi. Tulieni, nilikuwa na miaka ishirini na tatu, napenda, na nimetoka kujifunza kitu kipya.

Likizo fupi nikaenda kumwekea kwenye simu yake. Nikamwambia kwa kiburi kabisa: "Kuanzia leo usipande tena kile kilima. Andika ukiwa umekaa."

Alifurahi mpaka akawaita walimu wenzake waje waone.

Sasa sikilizeni makosa yangu.

La kwanza. App ilikuwa inatuma pale tu ukurasa ukiwa umefunguliwa na mtandao upo, vyote kwa wakati mmoja. Mimi nilikuwa naijaribu chuoni, mtandao upo saa zote, nikaona inafanya kazi. Edina aliandika nyumbani, akafunga, akaenda zake. Hata akipita kwenye mtandao ukurasa umefungwa, hakuna kinachotoka wala kinachoingia.

La pili ndilo lililonimaliza. Ukibonyeza kitufe, chini yake linatokea neno la kijani: "Imetumwa."

Ilikuwa haijatumwa. Imehifadhiwa tu mle mle kwenye simu yake. Nilichagua neno lile kwa sababu lilikuwa fupi na lilipendeza.

Wiki ya kwanza kimya. Nikasema ana kazi nyingi. Wiki ya tatu nikaanza kununa. Nilikuwa nampigia, hapatikani. Naangalia app, hakuna kitu. Nikajiambia, huyu nimemrahisishia kila kitu na bado hataki kuniandikia hata neno moja.

Mwishowe nikamtumia meseji ya kawaida, ambayo aliikuta siku alipopanda kilimani kwa shida zake nyingine. Niliandika: "Naona umeamua kunyamaza. Sawa."

Akajibu neno moja. "Sawa."

Tukaishia hapo, wakuu. Nilikuwa na kisirani cha mtu anayejiona amedharauliwa, na sikuona sababu ya kujishusha.

Miezi mitatu ikapita.

Siku moja mchana niko kantini, wali maharage mbele yangu, simu iko mezani na ule ukurasa wa app sijawahi kuufunga, ikaanza kutetemeka mfululizo. Nikafikiri imeharibika. Zilikuwa meseji za Edina. Thelathini na moja, zimeingia kwa mkupuo, na kila moja ina tarehe yake ya kuandikwa.

"Leo wavuvi wamejaza usipa, kijiji kizima kinanuka. Ungekuwepo ungelalamika."

"Darasa la tatu wameelewa kugawanya! Nimerudi nyumbani nacheka peke yangu."

"Nimepika ugali wa muhogo. Nakumbuka ulivyosema unanata kama gundi halafu ukala wote."

"Baba anasema kama una nia, wazee wa kwenu waje Liuli Jumapili ya pili ya mwezi ujao. Niwaambie mnakuja?"

"Hujanijibu kuhusu wazee. Imeandikwa imetumwa, kwa hiyo najua umesoma."

"Kesho ndiyo Jumapili. Mama amefagia mpaka njiani."

Sikumaliza wali ule.

Baadaye nilikuja kujua kuwa baba yake alikuwa ameita ndugu. Walikaa wamevaa vizuri toka wametoka kanisani mpaka jua linazama, wakitazama njia. Hakuna mtu wa Mapera aliyetokea. Na meseji yangu ya "naona umeamua kunyamaza" ilimfikia wiki moja baadaye, akaona namdhihaki.

Kesho yake nilipanda basi. Songea, Mbinga, sikupita hata nyumbani kuwasalimia wazee, nikateremka moja kwa moja Mbamba Bay na kutoka pale hadi Liuli. Shule zilikuwa zimefungwa, Edina yuko kwao.

Nilimkuta mama yake anageuza usipa, wale dagaa wa ziwani, kwenye chanja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja leo, baba?"

Nililisikia hilo "leo" lake. Nikamweleza yote, kwamba meseji hazikunifikia, kwamba zilibaki kwenye simu. Alinisikiliza huku mikono haisimami.

Akaniambia, "Sisi hapa tukimpakilia mtu usipa kwenye gari la Mbinga, hatusemi wamefika mpaka mwenyewe apige aseme nimepokea. Sasa ninyi mliosoma mnaandikaje imetumwa, na kitu bado kimo mfukoni mwa mtu?"

Mpaka leo sijasikia mtu akiieleza kozi ile vizuri kuliko alivyoieleza yeye.

Edina akatoka, akanikaribisha, akaniletea maji. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi.

Mtauliza kwa nini hakupanda kilima akapiga simu. Mimi pia nilimuuliza.

"Mtu ameshasoma na hajibu," akasema. "Nipande kilima kumpigia, nimwambie nini?"

Akanieleza kuwa zile meseji zilitoka akiwa Mbinga kwenye semina ya walimu. Alifungua ukurasa ule asome aliyokuwa ameniandikia, mara ya mwisho, halafu afute kila kitu. Ukurasa ukawa wazi, mtandao upo. Zikaondoka zenyewe, naye kufuta hakufuta siku ile.

Alitaka kufuta kwa sababu wiki moja kabla ya semina alikuwa ameposwa na mwalimu mwenzake, na alikuwa ameshakubali.

Nilimwomba. Nisiwafiche, nilimwomba sana, mpaka nikasahau kuwa mama yake anatusikia.

Akaniambia, "Kuna mtu ananisubiri na nimeshamjibu ndiyo. Siwezi kumfanyia kile nilichofanyiwa mimi."

Kisha akanipa simu niiondoe ile app mwenyewe. Nikafungua, na kwa mazoea nikahesabu. Kwenye simu yake kulikuwa na meseji thelathini na mbili alizoniandikia. Kwangu zilifika thelathini na moja.

Moja haikuondoka. Ya mwisho. Ilikuwa ndefu, na mimi kwenye seva nilikuwa nimeweka kikomo cha herufi mia tano. Kinachozidi kinakataliwa kimya kimya, bila kumwambia aliyeandika. Hilo ndilo kosa la tatu. Na chini yake neno lile lile la kijani.

Niliona mstari wa kwanza tu: "Sasa ngoja nikuambie ukweli wote,"

Akaichukua simu. Nikamwomba niisome. Akaisoma yeye, taratibu, mpaka mwisho, midomo inacheza kidogo kama alivyozoea. Halafu akabonyeza Futa.

"Hii ilikuwa ya Jumatatu ile, baada ya wazee kutokuja," akasema. "Leo siyo Jumatatu ile."

Nikaaga. Mama yake alinifungia usipa kwenye gazeti niwapelekee Mapera, akasisitiza wakifika nimjulishe. Nilimjulisha.

Turudi darasani.

Jumatatu iliyopita niliwasha projekta, nikawawekea wanafunzi skrini moja nyeupe yenye neno moja la kijani, "Imetumwa". Nikawauliza neno hili linamwahidi nini mtu. Wengine wakacheka, walikuja wakitegemea mambo makubwa. Nikawaambia mambo makubwa yapo. Tutahifadhi data kwenye simu ya mtumiaji, tutapanga foleni, tutatuma hata ukurasa ukiwa umefungwa, tutalinda usalama. Lakini kwanza nikawasimulia haya, kwa kifupi.

Binti mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha mkono.

"Sir, ile ya thelathini na mbili ilisemaje?"

Nikamwambia sijui.

Akasubiri kidogo, kama vile nitaongeza kitu. Nikageuka nikaandika ubaoni zoezi la kwanza: ukurasa mmoja, kitufe kimoja, na chini ya kitufe neno lililo kweli.

Wakuu, nimejifunza nini? Kwenu mnaoandika code, usimwambie mtu kitu kimefika kabla upande wa pili haujasema umepokea. Na sisi wengine wote, mtu wako akinyamaza, muulize kabla hujanuna. Mimi nilikuwa na nauli, nilikuwa na likizo, nilikuwa na miguu. Nilichokosa ni kuuliza tu.

Namkumbuka Edina. Nawakumbuka hata wale wazee niliowakalisha siku nzima bila kuwajua. Nikisikia harufu ya usipa sokoni huku ugenini huwa nasimama bila sababu, muuzaji ananiuliza nikupimie, namwambia hapana.

Nanyi kama kuna aliyewahi kupotezana na mtu kwa meseji ambayo haikufika, aweke hapa, tusomane. Wa kunicheka pia karibuni, nimeshazoea.

Kitu kimoja nilisahau kuwaambia wale wanafunzi. Ile seva bado inafanya kazi. Sisubiri kitu, yule ni mke wa mtu na nawaheshimu wote wawili. Ila mwaka jana niliingia nikatoa kile kikomo cha herufi mia tano, na sasa inapokea meseji ndefu kiasi chochote.